Inaingia, Lakini Je, Inaelewana? Vifaa vya Kompyuta ya Gemu

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Niko na kaka Hamisi, na leo ni zamu ya swali linalowanyima watu usingizi: nitajuaje kama vifaa vya kompyuta yangu ya gemu vitaelewana kabla sijalipa?

HAMISI: Asante, dada Zuhura. Watu wengi wanaogopa kununua kitu kisichoingia. Mimi hicho sikiogopi sana, maana utakijua mara moja. Ninachokiogopa ni kile kinachoingia vizuri, kompyuta inawaka, gemu inacheza, na nguvu uliyoilipia huioni.

ZUHURA: Tuanze na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, maana ndizo zinazoamua mengine yote.

HAMISI: Hapo angalia soketi, yaani kikao cha prosesa kwenye mazabodi. Prosesa za AMD, Ryzen 7000 na 9000 za mezani, zinakaa kwenye soketi ya AM5. Ryzen 5000 ni AM4. Intel kizazi cha 12 hadi cha 14 ni LGA1700, na Core Ultra 200S zilizotoka 2024 ni LGA1851. Haziazimani.

ZUHURA: Soketi ikilingana, mtu anadhani kazi imekwisha.

HAMISI: Bado. Chukua mazabodi ya B650 iliyotengenezwa 2022, uiwekee Ryzen 9000, ambayo imetoka 2024. Inakaa barabara kabisa, lakini unaweza kubaki na skrini nyeusi, kwa sababu BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, iliandikwa kabla ya prosesa hiyo kuwepo. Ndiyo maana huwa nasisitiza mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

ZUHURA: Waeleze kinavyofanya kazi, kaka.

HAMISI: Unaifomati flashi kwa mfumo wa FAT32, unaweka faili la BIOS ukilipa jina lililotajwa kwenye kijitabu cha mazabodi, unaichomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama kwa nyuma, unawasha umeme, unabonyeza kitufe. Taa inapepesa. Ikiwa bado inapepesa, usiguse kitu.

ZUHURA: Twende kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Hapa nina mengi.

HAMISI: Sema.

ZUHURA: Vizazi vyake viwili, DDR4 na DDR5 za mezani, vyote vina pini 288, ila mkato wa katikati umekaa mahali tofauti. AM5 inakubali DDR5 tu. LGA1700 ndiyo inayochanganya: kuna mazabodi za DDR4 na kuna za DDR5, na majina yanakaribiana mno. Soma jina lote, hadi herufi ya mwisho.

HAMISI: Hilo ni lile la kuingia na kutoingia.

ZUHURA: Naam, sasa nakuja kwenye lako. Mtu ananunua DDR5 ya kasi ya 6000, anaichomeka, anacheza mwaka mzima ikiwa inakimbia kwa 4800. Ile 6000 ya kwenye boksi haiji yenyewe. Lazima uingie BIOS uwashe mpangilio wa kasi unaoitwa EXPO kwa upande wa AMD, au XMP kwa upande wa Intel. Tena nunua vijiti viwili vya seti moja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kijitabu kiseme vingine. Ukivipanga vyote kwenye chaneli moja, unaipunguza njia ya data kwa nusu.

HAMISI: Na vijiti vinne?

ZUHURA: Kwa DDR5 sivipendekezi. Vikiwa vinne, mara nyingi kasi inabidi ishuke ndipo kompyuta itulie. Ukitaka GB 64, chukua viwili vya 32.

HAMISI: Kadi ya grafiki sasa. Kwanza urefu: RTX 4090 ya Nvidia wenyewe ina milimita 304, na za kampuni nyingine nyingi ni ndefu zaidi. Ukifunga rejeta ya kupoza prosesa kwa maji mbele ya kasha, toa unene wake na wa feni zake kwenye nafasi ya kadi. Halafu kuna njia za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi. Kadi ya AMD ya RX 6500 XT inatumia njia nne tu. Ukiipachika kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0, inapoteza fremu, yaani picha kwa sekunde, ambazo kwenye 4.0 ingezipata.

ZUHURA: Na kipoozeo cha prosesa nacho kina kimo chake. Noctua NH-D15 ni milimita 165, na si kila kasha linafunga ubavu juu yake.

HAMISI: Kweli. Tuje kwenye umeme, na hapa naomba watu wanisikilize. RTX 4060 inakula wati 115, RTX 5090 inakula 575, na Nvidia wanaipendekezea 5090 pawa saplai ya wati 1000. Lakini wati pekee hazitoshi. Kadi hizi zinaruka ghafla juu ya kiwango chake kwa sekunde ndogo sana, na pawa saplai dhaifu inajizima katikati ya gemu. Zile za kanuni ya ATX 3.0 zimetengenezwa kuvumilia miruko hiyo.

ZUHURA: Na nyaya jamani! Usichukue waya wa pawa saplai ya zamani ukaichomekea mpya kwa kuwa tu umeingia. Upande wa pawa saplai hauna kanuni moja. Pini zinapangwa tofauti hata ndani ya kampuni moja. Umeme wa volti 12 ukienda mahali pa volti 5, diski inaungua papo hapo.

HAMISI: Na ule waya wa pini 16 wa kadi kubwa, usukume mpaka usione pengo lolote, na usiukunje karibu na plagi. Ukikaa nusunusu unapata joto hadi kuyeyuka.

ZUHURA: SSD, diski ya kuhifadhia, kwa haraka?

HAMISI: Chukua ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye nafasi ya M.2 ya mazabodi, na uangalie kijitabu: baadhi ya nafasi za M.2 zikitumika zinazima baadhi ya matundu ya SATA, yale ya diski za waya.

ZUHURA: Kompyuta imewaka. Nikague nini kwanza?

HAMISI: Waya wa monita uwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye mazabodi. Kisha kasi ya RAM ndani ya BIOS. Kisha mipangilio ya skrini, maana monita ya 144 Hz, yaani inayobadili picha mara 144 kwa sekunde, inaweza kuwa imeachwa kwenye 60.

ZUHURA: Tumeni orodha zenu za vifaa kabla hamjanunua, tutazisoma kipindi kijacho. Kwaherini.