Jina Jipya, Nyaraka za Zamani

Ndugu zangu, tutenganishe kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Cheti cha kuzaliwa kikisomeka "Halma" badala ya "Halima", hapo si kubadili jina. Unasahihisha kosa, na hilo ni la msajili aliyetoa cheti. Kubadili jina ni kuliacha lililo sahihi na kushika jingine.

Njia kuu ni mbili. Uingereza hati ya kubadili jina hutosha: unatamka kwamba umeliacha jina la zamani, kwamba utatumia jipya wakati wote, na kwamba unataka watu wote wakuite hivyo. Unasaini mbele ya mashahidi wawili waliotimiza miaka 18, na unasaini kwa majina yote mawili. Sahihi ya jina la zamani ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, nani aliyeliacha?

Majimbo mengi ya Marekani hukupeleka mahakamani. Hakimu hataki kujua kama jina ni zuri. Anachotafuta ni kama unakwepa madeni au kesi. Ndiyo maana baadhi ya majimbo hudai tangazo gazetini. Ujerumani ni kugumu zaidi: anayetaka tu kubadili, bila ndoa wala talaka, kwa kawaida lazima aonyeshe sababu nzito.

Haya, hati umeipata. Usumbufu ndio unaanza. Usiondoke na nakala moja, maana ofisi nyingi hukataa fotokopi, na nyingine hukaa na nakala yako yenye muhuri kwa wiki kadhaa. Chukua tatu au nne. Kisha anzia kwenye daftari ambalo wengine wote hulichungulia. Kule Marekani ni ofisi ya hifadhi ya jamii, ndipo leseni ya udereva ifuate. Ukiruka, kompyuta ya leseni inaona jina la zamani, unarudishwa nyumbani.

Herufi nazo zina mambo yake. Tazama mistari miwili chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Kila mstari una nafasi 44, na jina limepewa 39 tu. Refu kupita hapo hukatwa. Ritifaa (alama ya ') hufutwa, kistari hugeuka alama ya <. Kwa hiyo Ng'ang'a husomeka NGANGA, na tiketi ya ndege iandikwe hivyohivyo. Anayechagua jina lenye vistari vitatu ajue anachojitakia.

Vyeti vya shule mara nyingi havitolewi upya. Unaviambatanisha na hati. Madeni na kesi vinakufuata, hilo halina mjadala. Viza hai ikibaki kwenye pasipoti ya zamani, uliza ubalozi kabla ya kusafiri. Wakiikubali, beba pasipoti zote mbili pamoja na hati. Na hatimiliki ya kiwanja ibadilishwe mapema, si siku mnunuzi ameshakuja na wakili wake.