Haruko Sugimura, yule binti mwenye saluni

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Salum, uliniachia kazi ya kutazama Tokyo Story, ile filamu ya mwongozaji Mjapani Ozu ya mwaka 1953. Nimeitazama mara mbili, na leo naomba tumzungumzie Shige, aliyechezwa na Haruko Sugimura.

SALUM: Yule binti mwenye saluni.

REHEMA: Huyo huyo! Wazazi wake wazee wametoka Onomichi, safari ndefu, wamekuja Tokyo kuwaona watoto. Mumewe kawanunulia keki. Shige anamwambia hizo ni ghali mno kwa wazee wale, halafu anaanza kuzila yeye. Kisha mteja anauliza, wale ni kina nani? Anajibu ni watu wa kijijini tunaofahamiana nao. Jamani, baba na mama yake mzazi!

SALUM: Mimi iliponishika ni kwenye msiba. Telegramu inasema mama ana hali mbaya, na Shige anamuuliza kaka yake kama wabebe kabisa na nguo za msiba. Mama anafariki, Shige analia. Watu wamekaa kula baada ya mazishi, tayari ameshaomba apewe kimono cha marehemu na mkanda wake.

REHEMA: Na kile kilio ni cha kweli, dada yangu yule anamlilia mama yake! Ndiyo maana siwezi kumchukia. Mwigizaji mwingine angetuletea binti katili, tumzomee, basi. Haruko Sugimura alituletea mtu mwenye shughuli nyingi. Mtazame mikono yake: inapanga, inakunja, inapepea. Hana nafasi ya kukaa chini na wazazi wake, na yeye mwenyewe halioni hilo.

SALUM: Mikono ile ilifundishwa jukwaani, dada. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1909, na ndoto yake ya kwanza ilikuwa kuimba. Alifanya mtihani wa chuo cha muziki Tokyo, akafeli. Akarudia, akafeli tena. Akafundisha muziki shule ya wasichana huko kwao, na mwaka 1927 akaenda Tokyo kujiunga na ukumbi mdogo wa Tsukiji, uliokuwa kitovu cha tamthilia za kisasa Japani. Wakampokea, ila lafudhi ya Hiroshima wakamwambia aiache.

REHEMA: Lo! Kujifunza upya kusema lugha yako mwenyewe.

SALUM: Mwaka 1937 likaanzishwa kundi la maigizo la Bungakuza. Akaingia tangu mwanzo, na hakutoka. Hata mwaka 1963 wenzake wengi walipoondoka kwa mkupuo, yeye alibaki.

REHEMA: Tufike 1945, tafadhali. Hapo ndipo nilipoacha kuandika, nikabaki nasoma tu.

SALUM: Aprili 1945. Mwezi mmoja kabla, mabomu yameteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Bungakuza wanafungua tamthilia mpya ya Kaoru Morimoto, Onna no Issho, yaani maisha ya mwanamke. Mwanamke huyo, anayechezwa na Sugimura, anaitwa Kei. Ni yatima aliyepokelewa na familia ya wafanyabiashara, anampenda mtoto wa pili lakini anaozwa wa kwanza, kisha biashara yote inamwangukia mabegani. Tunamwona tangu binti mdogo hadi mwanamke mzima aliyechoka.

REHEMA: Ving'ora vinalia, na watu wanakwenda kutazama maigizo.

SALUM: Walikwenda. Morimoto alifariki mwaka uliofuata kwa kifua kikuu, ana miaka 34. Sugimura akaendelea kumcheza Kei, zaidi ya mara 900, kwa miaka mingi sana. Fikiria mwanamke wa miaka zaidi ya 60 anapanda jukwaani akiwa binti wa miaka 16, na ukumbi unakubali.

REHEMA: Huko kwenye jukwaa ndiye nguzo ya nyumba. Kwenye sinema anakuja kwa dakika chache: shangazi, jirani, mama mwenye danguro katika Red Beard ya Kurosawa. Nami naona hakuzibeza zile dakika. Katika An Autumn Afternoon ni binti wa mwalimu mzee aliyefilisika, hakuolewa kwa sababu ya kumtunza baba. Anajifunika uso, analia. Huyo baba ni Eijiro Tono, aliyemzidi miaka miwili tu!

SALUM: Mwaka 1995 serikali ikampa Nishani ya Utamaduni, heshima kubwa kabisa kwa msanii wa Japani. Akaikataa. Hakutaka kupanda jukwaani na nishani mgongoni. Alitaka kuendelea kuigiza.

REHEMA: Ana miaka 86! Na mwaka huo huo ikatoka filamu ya Kaneto Shindo ambamo yeye ni mwigizaji mkongwe. Alifariki Aprili 1997.

SALUM: Kwa anayetaka kuanza, umwelekeze wapi?

REHEMA: Late Spring, filamu ya Ozu ya 1949. Ni shangazi Masa, wako kwenye hekalu la Kamakura na kaka yake. Anaokota pochi ya hela chini. Anasema ni bahati njema, anaificha ndani ya kimono, anaahidi ataipeleka polisi. Mara askari anatokea, na shangazi anapanda ngazi haraka haraka, hatua ndogo ndogo, bila kugeuka.