Jina Lije Mwisho: Kuwatazama Ndege wa Uani Pamoja na Watoto

Mhadhara kwa wazazi, Malindi

Assalaam alaykum, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliosimama mlangoni. Nafasi ipo, ingieni mkae.

Mazungumzo ya jioni hii ni ya ndege. Si wale wa msitu wa Arabuko-Sokoke ambao wageni huvuka bahari kuja kuwatafuta, wala si flamingo wa mlangoni mwa mto Sabaki. Ni hawa wa uani: wa juu ya mnazi, wa kwenye mkilifi, wa ukingoni mwa pipa la maji. Mtoto wa Malindi huamka nao kila alfajiri, na bado akiulizwa atasema ameona "ndege mdogo", kumbe wale wadogo ni aina saba au nane.

Jambo la kwanza, na likiwashinda mengine yote shikeni hili: jina lije mwisho. Mtoto akiuliza, "Baba, ndege gani yule?" ukamjibu "shore", yamekwisha. Ameridhika, kageuka, kaenda zake. Mrudishie swali. Mdomo wake ni mnene wa kuvunjia mbegu, au mwembamba kama sindano ya kushonea kofia? Chini, anatembea au anarukaruka kwa miguu miwili pamoja? Shomoro hurukaruka, hua hutembea, na kwa kila hatua kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Chini ya mkia pana rangi gani? Mtoto akigundua mwenyewe kwamba ndege yule ana kichwa cheusi chenye ushungi mdogo na manyoya ya manjano chini ya mkia, hapo mpe jina, naye hatalisahau. Tena mpe jina la kwenu. Wengine husema shore, wengine shorewanda, na nyumba zenye Kigiriama zina majina yake. Bibi aulizwe. Yote yaandikwe daftarini, bila kugombana lipi ndilo sahihi.

Ukubwa huwasumbua watoto sana, kwa sababu sentimita hazipimwi kwa jicho. Wapeni vipimo vitatu vilivyo hai: shomoro, hua na kunguru. Shomoro ni kama sentimita 15 kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, hua mdogo mwenye madoa kifuani ni kama 25, kunguru mwenye shingo ya kijivu ni kama 40. Kila ndege mpya apimwe kwa hao: mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko hua. Inatosha.

Wakati mzuri ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Mtoto wa chini ya miaka saba msimkalishe zaidi ya dakika kumi. Akae mahali pale pale kila siku, jua likiwa mgongoni, la sivyo kila ndege ataonekana mweusi. Darubini si lazima, na kwa mdogo ni mzigo tu. Aliye na umri wa miaka minane au tisa mnaweza kumtafutia yenye maandishi 8x32, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 32. Afundishwe kumwona ndege kwa macho kwanza, asimwachie, kisha ainue darubini ije machoni. Wengi hufanya kinyume, wanazungusha darubini hewani wakitafuta, wanachoka, wanaitupa. Na jua halitazamwi kwa darubini kamwe. Hilo mwambieni kabla hamjampa.

Daftari lina mtego wake. Shore mmoja anakuja kwenye mpapai mara kumi, mtoto anaandika "shore kumi". Kanuni ni kuandika idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa mpigo mmoja. Wakionekana wawili pamoja, halafu mmoja, halafu watatu, jibu ni watatu.

Sasa tuje kwa mwalimu mkuu wa ua, mnana. Mwenye mnazi wenye viota vinavyoning'inia ana shule nzima juu ya kichwa chake. Hapa Pwani wako minana wa manjano wa aina zaidi ya moja. Yupo dume ambaye kichwa chake kimekolea rangi ya chungwa na jicho ni jeusi, na yupo mwingine wa manjano mwenye jicho jekundu. Majike ni wa rangi iliyofifia, kijani na manjano, na watoto watawadhania ni ndege wa aina nyingine kabisa. Waacheni wadhani hivyo wiki moja. Watakuja kuwaona wanaingia katika kiota kimoja, na swali litazaliwa lenyewe.

Tazameni kazi tangu mwanzo. Dume hung'ata ukingo wa jani la mnazi au la nyasi ndefu, kisha huruka, na uzito wa mruko ndio unaochana ule ukanda mrefu. Lazima jani liwe bichi. Kavu halipindiki, linavunjika. Kwanza hufunga pete, na pete ndiyo msingi wa nyumba nzima. Husimama ndani yake na kusuka kila upande hadi pale mdomo unapofika, kwa hiyo chumba hutoka kwa kipimo cha mwili wake. Kiota kikiwa tayari huning'inia chini yake na kupigapiga mabawa, akiwaita majike. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kwa ndani kana kwamba anakagua nguo dukani, akaridhika au akaondoka. Akikubali, huweka ndani malazi laini. Kiota kikikaa mpaka kikawa cha kahawia bila kupata mwenyewe, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza kingine pale pale. Basi mtoto achague viota vitano, avipe namba, na kila siku ya pili aandike rangi: kijani, manjano, kahawia, kimebomolewa. Baada ya wiki tatu ana jedwali ambalo halipo kitabuni.

Na akiwa na dharau kwamba kusuka ni rahisi, mpeni miyaa au kanda za jani bichi la mnazi, na kibanio kimoja cha nguo. Asuke pete kwa kibanio hicho tu, mkono mwingine nyuma ya mgongo, kwa sababu mnana ana mdomo mmoja, na mguu wake kazi yake ni kushikilia. Bibi anayesuka ukili aketi karibu acheke. Viota vilivyo na mayai au makinda havishushwi. Vilivyoanguka baada ya upepo ndivyo vya kufumua mezani, ukanda mmoja mmoja, na kuhesabu.

Tuje kwenye chakula, maana najua wengi wenu mlitarajia nianze hapo. Mkitupa wali na mahamri uani, hamlishi ndege, mnalisha kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, ikisemwa ni wa kusafisha taka za mji. Mombasa akaonekana 1947, na Pwani yote sasa ni yake. Mwenyeji ni yule mwenye ukosi na kifua cheupe, na watoto wajue kuwatofautisha. Mgeni huyu huiba mayai na makinda. Ua unaomwaga makombo asubuhi humfundisha kunguru kukaa hapo mchana kutwa, na akimaliza makombo huinua macho kwenye mnazi. Ndiyo maana nyumba nyingine hulisha ndege kwa moyo mwema na mwaka baada ya mwaka idadi ya ndege wadogo inapungua. Sumu msiweke nyumbani. Italiwa na kuku, paka na ndege wengine, na mtoto ataishika. Dawa yenu ni kufunika pipa la taka.

Mkipenda kulisha, fanyeni kwa kipimo. Vijiko viwili vya mtama au uwele, saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili kilichobaki kiondolewe. Viwekwe ndani ya kizimba cha wavu wa seng'enge wenye matundu ya sentimita 5: shomoro na mnana hupita, kunguru hapiti. Mbegu ziwe sentimita 20 kutoka kila upande wa wavu, kwa sababu kunguru huingiza shingo yote. Kosa la kawaida ni kizimba kidogo mno. Mtu anajisifu kwamba amemzuia, kumbe amemwekea sinia. Wakati wa masika mbegu zilizolowa huota ukungu siku moja au mbili tu, na ukungu huwaua ndege. Kwa shore, acheni papai moja liivie mtini.

Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda na rangi za kung'aa, msimwekee maji ya sukari. Joto letu linayachachusha kabla ya magharibi. Pandeni mshubiri au mzunze, maua yatafanya kazi hiyo, na kwenye maua atapata pia buibui na wadudu, ambao ndio anaowalisha makinda.

Lakini mkiniuliza kitu kimoja cha kuweka uani, nitasema maji. Kibia cha udongo kinatosha, kina cha sentimita 3 pembeni na kisizidi 5 katikati, kikiwa na mchanga au jiwe bapa ndani. Bakuli la plastiki huteleza, ndege husita ukingoni na hatimaye huacha kuja. Kiwekwe mahali peupe, mita mbili kutoka kichaka chochote. Paka hujificha kichakani, na mita mbili ni nafasi ya ndege kumwona akija; ila tawi la kurukia liwe juu karibu. Maji ya kisima yenye munyu mkali hayawafai. Na maji yabadilishwe kila siku, kibia kikisuguliwa kwa brashi. Kumwaga pekee hakutoshi: mbu anayeeneza homa ya dengi hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu miezi. Katika joto letu yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kazi hii apewe mtoto, kila asubuhi, ni yake.

Wageni wa msimu ni somo tamu kwa sababu majira yao ni yale yale ya majahazi. Kaskazi ikivuma, mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia wako juu ya nyaya za umeme, na keremkerem wa rangi ya waridi iliyokolea, mwenye kichwa cha buluu na kijani, hupita makundi kwa makundi jioni. Kusi ikija hao wameondoka, na anakuja keremkerem mwingine, wa kijani mwenye utosi wa hudhurungi, ambaye wengine wao hutoka Bukini, yaani Madagaska. Mtoto aandike tarehe ya kumwona wa kwanza na tarehe ya kumwona wa mwisho. Tarehe ya mwisho ni ngumu, maana hujui kwamba ni ya mwisho mpaka ipite. Ndiyo sababu huandikwa kila siku.

Kisha yuko dudumizi, mwenye sauti ya maji yanayomiminika kutoka chupani. Wazee husema akilia, mvua inakuja. Msiwaambie watoto ni kweli wala ni uongo. Wawekeni kopo lenye kuta zilizonyooka mahali peupe, wapime mvua kwa rula kila saa moja asubuhi, kwa milimita. Kila siku waandike mambo mawili: dudumizi amelia au hakulia, na kesho yake mvua imenyesha au haikunyesha. Siku sitini. Watakaoangalia tu siku alizolia na mvua ikanyesha watadanganyika. Zinazoamua ni zile siku alizolia na kukakauka, na zile alizonyamaza na ikanyesha. Dudumizi hulia sana majira ya kuzaa, na kuzaa kwake huandamana na mvua, kwa hiyo wazee hawakuzua tu.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza kuhusu kijana mwenye manati. Huyo, mama, usimfukuze, mpe daftari. Anajua ndege wanalala wapi, wanakunywa saa ngapi, na mti gani una viota, kwa sababu mwenye manati au ulimbo hawezi kupata kitu bila kuyajua hayo. Tatizo lake ni kile alichokishika mkononi, macho yake hayana kasoro.

Na la mwisho lililoulizwa: mtoto amekuja na kinda mikononi. Kama hana manyoya, tafuteni kiota chake na mrudishe; mzazi hatamkataa kwa sababu ameguswa na mtu, hiyo ni hadithi. Kama ana manyoya na anarukaruka, hakuanguka, anajifunza kuruka. Msimnyweshe maji kwa kijiko, maana tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na atapaliwa. Msimpe maziwa. Mwekeni kwenye tawi la karibu, juu ya kimo cha mtu, wote muingie ndani mtazame kupitia dirishani. Mama yake hatashuka mkiwa mmesimama hapo chini. Na paka afungiwe chumbani mpaka magharibi.