"Jaja, Ni Mimi"

ZAINA: Karibuni tena. Leo naanza na simu aliyopigiwa mama mkubwa wangu pale Busia, saa tatu usiku. "Jaja, ni mimi." Jaja, yaani bibi, naye akaitika kwa jina la mjukuu wake, "Nani, Hassani?" Basi, kazi ikaishia hapo.

MUSA: Ikaishia hapo kivipi?

ZAINA: Mwizi alikuwa hana jina, akapewa! Dakika hiyo hiyo akawa Hassani: amegonga mtu na boda, yuko polisi Kampala, sauti imekauka kwa kulia.

MUSA: Ahaa, sauti ikisikika ngeni, sababu imeshatolewa.

ZAINA: Kisha simu ikapewa "afande". Afande mwenyewe Kiswahili tupu.

MUSA: Hapo ndipo walipompata. Sisi tuliolelewa na Kiswahili nyumbani tunasahau. Kwa wazee wengi wa Uganda, hii ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa wanajeshi, tangu enzi za Amin. Ukiamrishwa kwa Kiswahili hujibu, unatii.

ZAINA: Na mama mkubwa anakijua, anauzia samaki! Lakini kile kilikuwa Kiswahili cha kambini. Akaambiwa alipe bondi, yaani dhamana ya kumtoa Hassani polisi, na asimwambie mtu, maana "kesi itaharibika". Akatuma laki moja usiku ule ule.

MUSA: Bondi ya polisi ni bure, da Zaina. Imeandikwa mpaka kwenye kuta za vituo.

ZAINA: Imeandikwa, ndiyo. Sasa mwambie mzee aliyezoea kusikia habari za kitu kidogo. Laki moja, Musa! Mzee wa miaka 80 anayelipwa ile pesa ya SAGE, ya serikali kwa wazee, 25,000 kwa mwezi, hiyo ni miezi minne.

MUSA: Lakini kabla ya kuweka namba ya siri, simu si huonyesha jina la mpokeaji?

ZAINA: Lilitokea jina la mwanamke. Afande kashatangulia kusema: "Tuma kwa mke wangu."

MUSA: Laa!

ZAINA: Asubuhi alirudi kutuma laki ya pili, safari hii kwa wakala. Yule kijana akamwomba ampigie kwanza Hassani kwa namba ya siku zote. Hassani yuko Jinja, anakunywa chai. Kampuni ya simu ikapigiwa, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa. Na laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, cha mtu mwingine kabisa.

MUSA: Mimi nyumbani nilijaribu neno la siri la familia. Nyanya alilisahau siku ya pili, halafu akaniuliza kwa simu mbele ya majirani.

ZAINA: (anacheka) Wangu hataki neno la siri. Amebuni mtego wake. Ukisema "Jaja, ni mimi," anakaa kimya mpaka ujitaje. Ukishajitaja anakuuliza, "Yule mbuzi niliyekupa anaendeleaje?"

MUSA: Mbuzi yupi?

ZAINA: Hajampa mtu mbuzi! Wiki iliyopita mmoja alipiga, akajibu, "Mzima, Jaja, amezaa mapacha." Akakatiwa. Jana Hassani mwenyewe kapiga, kaulizwa, kasema, "Mbuzi gani tena, Jaja?"

MUSA: Akajibiwaje?

ZAINA: "Haya, sema mwanangu, unataka nini?"