Yule wa mapembe siyo gagoili

Haya watu wangu wa nyumbani, leo niko Paris mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame, na nimekuja hapa kwa sababu yenu, maana kwenye komenti mmeniuliza sana zile sanamu za kutisha za juu ni nini, wengine mkasema mashetani, kanisani wanafanya nini.

Ngoja nizumu. Mnamuona huyu mnyama aliyetoa shingo nje ya ukuta, mdomo wazi? Huyo ndo gagoili, na kazi yake ni marizabu, basi. Mgongoni kachongwa mfereji, maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye paa, yanapita juu ya hizo tao za mawe zinazoshikilia ukuta kwa nje, yanaingia mgongoni yanatokea mdomoni na kuruka mbali, ndo maana shingo ndefu vile. Jengo lote hili ni mawe ya chokaa yameungwa kwa chokaa, maji yakitiririka ukutani miaka nenda rudi yanakula maungio mpaka jiwe linalegea. Na wamewekwa wengi makusudi, maji yagawanyike, kila mmoja ateme kidogo. Wazo la mafundi wa karne ya 13 hilo jamani, halafu bomba lenyewe wakalipa meno na masikio! Mimi hiyo kazi naiheshimu kuliko kitu chochote hapa.

Sasa yule maarufu wa kwenye fulana, mwenye mapembe na mabawa, kashika mashavu katoa ulimi anaangalia mji, siyo gagoili. Hatemi hata tone. Anaitwa Stryge, yeye na wenzake ni kimera, yaani sanamu za pambo tu, walibuniwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc kwenye ukarabati ulioanza 1844, yaani hata miaka 200 hawajafika, ila siku hizi kila sanamu baya juu ya jengo watu wanaliita gagoili tu. Moto wa Aprili 2019 ulikula paa na ule mnara mwembamba, minara miwili ya mbele ikapona, na kimera wakapona nayo.

Ya mashetani, kule mji wa Rouen, hapa hapa Ufaransa, wanasimulia joka liitwalo Gargouille, Mtakatifu Romain akalishinda, likachomwa moto, kichwa na shingo vikagoma kuungua, wakavitundika juu. Ni hadithi, lakini mwangalie tena yule wa shingo ndefu.

Walioko Lamu na Mji Mkongwe, nipigieni picha marizabu za nyumba za mawe za zamani, mnitumie, video ijayo nataka kuziweka pembeni ya hizi tulinganishe.