Mazungumzo Yaanzia Kwenye Titi

Mama wa safu ya pili, samahani, nimekukodolea macho tangu mwenyekiti akinitambulisha. Mwanao alivuta maziwa mara kadhaa, akatulia. Ukamtikisa kidogo: "Nyonya, baba, umelala?" (Wa wiki mbili, keshaitwa baba!) Ukaacha, akavuta tena.

Sote tunadhani mtikiso ndio unaomwamsha. Kenneth Kaye, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hili miaka ya 1970, akaona vingine: mtoto huanza kunyonya mtikiso unapokoma. Ukizidi kumtikisa, anakungoja umalize. Na kufikia wiki ya pili mama huwa amefupisha mtikiso wake bila kujua. Mnasema nani kamfundisha mwenzake hapo? Hizo ni zamu, wenzangu. Wewe, kisha mimi. Maneno yatakuja kujipachika humo baadaye.

Hata sauti yako, hakuanza kuijua leo. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wasiotimiza siku tatu chuchu ya mpira na visikilizio masikioni. Wale vichanga walibadilisha mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama zao, si ya mwanamke mwingine. Wameizoea tangu tumboni.

Sasa msiende kuambiana kwamba mama asiyepiga soga na kichanga hampendi. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kisii, Kenya, kwanza miaka ya 1950, halafu tena ya 1970. Waliwakuta hawaongei sana na vichanga wala kuwakazia macho, tofauti na mama wa Marekani. Lakini mtoto akilia, mara moja amebebwa, amepewa titi. Mimi kama mkunga nasema hilo nalo ni jibu, tena halikuchelewa.

Linalomsumbua mtoto ni kukosa jibu. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba mama wacheze na watoto wa miezi michache, kisha ghafla wakaushe uso, wawatazame tu. Mtoto anatabasamu, anarusha mikono, anajaribu tena. Asipojibiwa anageuza kichwa pembeni. Wengine huangua kilio. Lilikuwa jaribio la dakika chache, na mama akarudi kucheka naye.

Msihangaike kulirudia nyumbani. Simu zenu zinalifanya kila mnaponyonyesha.

Haya, naona mkono wa baba kule nyuma. Uliza.