Wanawake Wasio na wa Kumwomba Ruhusa

Wazee wangu, shikamooni. Nianze na neno moja: ruhusa. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1950, mke wa mtu hakutoka usiku bila ruhusa ya mumewe. Sasa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kinataka wanawake wa kuzunguka mitaani kuuza kadi na kukaa vikao hadi usiku. Kitawapata wapi?

TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwabana viongozi. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed. Hakuwa mwalimu wala karani; alikuwa mwimbaji wa ngoma, kundi la Bomba. Aliozwa angali kigoli kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, akaachika, akaolewa tena. Mumewe wa wakati ule, Boi Selemani, dereva wa teksi, alikuwa na kadi namba 15. Ya Bibi Titi ikawa 16. Kwake, basi, ruhusa haikuwa taabu.

Lakini wenzake? Bibi Titi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi alikuwa na watu wake. Vikundi hivyo vilijua kuchangishana na kuitana kwa harusi na misiba kabla siasa haijabisha hodi. Kufikia Oktoba 1955, hesabu iliyotajwa ni wanachama wanawake 5,000.

Wengi waliosimama mbele walikuwa Waislamu, watu wazima, walioachika au wajane. Walipika pombe, waliuza maandazi na vitumbua, wengine walipangisha vyumba. Mji uliwapa majina ambayo sitayataja mbele ya wazee. Serikali ya kikoloni nayo haikumwamini mwanamke wa mjini asiye na mume. Ila huyo aliyesemwa ndiye aliyekuwa na senti zake na usiku wake. Talaka iliyomfedhehesha ikawa ndiyo pasi yake ya kutembelea.

Si kwamba wake za watu hawakujiunga. Walijiunga, wengine wakificha kadi.

Baada ya uhuru ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, 1962, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Leo ana barabara katikati ya jiji, na ni haki yake. Wale wapika pombe hawana hata kichochoro. Kama bibi yako aliachika akabaki Kariakoo miaka ile, kamuulize mama yako kadi iko kwenye sanduku gani.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma.